SOMO: Battle Chess kwenye kompyuta ya leo (msiniulize tena inbox)

Nimechoka kujibu kitu kimoja kila siku, naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa. Battle Chess ya Interplay, ile ya 1988 ambayo kete zinatembea na kutwangana, toleo la PC ni la DOS, mfumo wa zamani wa kompyuta wa kuandika amri. Windows ya 64-bit, ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi za leo, haiifungui hata uibonyeze mara mia.

1. Weka DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS ndani ya Windows.

2. Tengeneza folda C:\dos, tupia folda la gemu humo. Jina lisizidi herufi 8.

3. Hapa soma polepole. Fungua DOSBox, andika mount c c:\dos kisha enter, yaani folda hilo ndilo litakuwa diski C ya DOSBox. USIANDIKE mount c c:\ ukaishia hapo, maana unaifungulia diski yako nzima. Mimi niliandika, ikanionya kabisa, nikaona inanizingua nikaendelea. Sasa majina marefu ya mafolda humo yanakatwa yanawekewa ~1, nikachanganya, nikapiga del *.* (futa vyote) nikijua nafuta gemu la zamani kumbe nimo kwenye folda la kazi zangu. DOSBox haiigizi kufuta, inafuta kweli kwenye diski yako, na pipa la taka halipitiwi. Miezi ya kazi ikaenda hivyo.

4. Andika c: enter, ingia folda la gemu kwa cd, andika dir uone orodha ya mafaili, tafuta faili la .exe (ndilo linalofungua gemu), andika jina lake.

MASWALI

Kitunda7: Mkuu haifunguki

Haifunguki inasemaje?

Kitunda7: Illegal command: chess

Umepiga dir? Hatua ya 4. Sikuiweka kama pambo.

Ngome_Kuu: Mi imekubali ila kete zinakimbia, pigano linaisha sijaona kitu, halafu maus imenasa humo haitoki

Ctrl+F11 inapunguza spidi, Ctrl+F12 inaongeza, ibonyeze kidogo kidogo. Maus ni Ctrl+F10. Laptop nyingine lazima ushike na Fn.

Binti Sataranji: Samahani kaka, hivi kete inayovamiwa inaweza kushinda pigano?

Swali zuri hili. Hapana, sheria ni za chesi ileile, anayekula ndiye anayeshinda, pigano ni maonyesho tu. Ukitaka anayevamiwa ajitetee mwenyewe tafuta gemu la Archon la 1983, kule mnapigana kweli na aliyevamia anaweza kufa. Ila humu usikose farasi akila farasi, mmoja anakatwa mkono, anakatwa na mguu, bado anataka ugomvi.

Kitunda7: Imekubali mkuu, kumbe nilikuwa sijaingia folda. Sasa kila nikila kete nasubiri mpaka nasinzia

Kuna 2D (ubao bapa) kwenye menyu, inakuwa chesi ya kawaida bila mapigano. Mimi nikitaka kushinda nacheza hiyo.

Binti Sataranji: Mi nimemtoa malkia wangu makusudi nione ngome inavyogeuka jitu la mawe. Kamla mzimamzima 😂 Mechi nimepoteza lakini narudia