Rulo au mashine ya kupulizia? Angalia ukuta kwanza

Ukitaka kupaka rangi nyumba hapa Goma, usikimbilie mashine. Vyumba vyenye watu na vyombo ndani, rulo inatosha: manyoya ya milimita 10 hivi kwa plasta laini. Plasta ya kukwaruza au ukuta wa mawe ya volkeno unataka manyoya marefu, milimita 18 hadi 20. Mafupi yanapita juu juu, mashimo yanabaki bila rangi.

Mashine inafaa nyumba tupu, dari na uzio mrefu. Ila hesabu pia saa za kufunika madirisha, na upepo wa ziwa ukivuma acha kabisa: matone yataishia kwenye gari la jirani. Chuja rangi kwa soksi ya nailoni, la sivyo ncha ya mashine itaziba. Shika bunduki ya kupulizia sentimita 30 kutoka ukutani, mkono uende sambamba na ukuta. Ukizungusha mkono, katikati panakolea na pembeni panafifia. Kwenye plasta, pitisha rulo mara moja rangi ikiwa bado mbichi, iingie kwenye vitundu. Na tafadhali, lile vumbi jeusi la volkeno lifagie na kulifuta kwanza: rangi iliyokaa juu ya vumbi hubanduka kama ganda, kwa mashine au kwa rulo.