Jinsi ya kuiwahi treni ya Nairobi kutoka Miritini

Anayeachwa na treni ya Nairobi mara nyingi huwa ameshaachwa tangu Makupa au Changamwe, yumo ndani ya matatu na tiketi yake i mfukoni. Stesheni iko Miritini, upande wa bara, zaidi ya kilomita 10 kutoka katikati ya mji wa Mombasa. Hesabu ya safari nzima huanzia hapo.

Ukimwambia dereva "nipeleke stesheni", hakikisha mmeelewana ni ipi. Ya zamani iko kisiwani, mwisho wa barabara ya Haile Selassie. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianzia Mombasa mwaka 1896. Daraja la muda la mbao liliivusha reli kutoka kisiwani hadi bara, nayo ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Kwa zaidi ya miaka mia abiria wa Nairobi walipandia kisiwani. Mambo yalibadilika 2017: treni mpya, Madaraka Express, ilizinduliwa tarehe 31 Mei, na kesho yake ikaanza kubeba abiria. Reli ya zamani ina milimita 1,000 kutoka chuma hadi chuma, hii mpya, iitwayo SGR, ina 1,435, kwa hiyo behewa la SGR haliwezi kuingia mjini kwa njia ya zamani. Sema "SGR Miritini", hapo hakuna utata.

Tiketi hukatwa kwa simu, *639#, au kwenye tovuti ya Kenya Railways, na hulipwa kwa M-Pesa. Lipa papo hapo. Nafasi isiyolipiwa hurudishwa sokoni. Andika jina na namba vile vile kama vilivyo kwenye kitambulisho, na kabla ya kulipa soma tena tarehe na stesheni ya kuanzia. Nauli zilizowekwa Januari 2024 ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza, Mombasa hadi Nairobi. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Wakati wa Pasaka, Desemba na shule zinapofungwa, nafasi huisha mapema mno, basi usingoje wiki ya mwisho.

Kosa linalouma kuliko yote ni la saa. Tiketi huandika saa kwa mtindo wa 24, na sisi tunahesabu Kiswahili. Mtu akiona 08:00 anasoma "saa nane", anakula chakula cha mchana bila wasiwasi, kumbe treni iliondoka saa mbili asubuhi. Toa 6 kwenye namba iliyoandikwa: 15:00 ukitoa 6 ni 9, yaani saa tisa alasiri. Jibu likizidi 12, toa 12 tena: 22:00 ukitoa 6 ni 16, ukitoa 12 ni 4, saa nne usiku. Andika jibu lako kwa Kiswahili kwenye simu, chini ya ule ujumbe wa tiketi.

Sasa rudi nyuma kutoka saa hiyo. Uwe umeshuka Miritini saa nzima kabla ya treni kuondoka, siku za sikukuu saa moja na nusu. Ongeza saa moja na nusu ya barabarani ukitoka kisiwani. Kwa treni ya saa tisa alasiri, uwe umepanda matatu saa sita na nusu mchana. Ya saa nne usiku ndiyo hudanganya watu: jioni wafanyakazi wanarudi Changamwe na Magongo, malori ya bandarini nayo yako barabarani. Toka saa moja na nusu usiku, usichelewe zaidi ya hapo. Ya asubuhi ina nafuu kidogo, lakini ukitoka Nyali au Bamburi bado unapaswa kuanza safari kabla ya saa kumi na mbili.

Wa Likoni, Ukunda na Diani hawana tena haja ya kupanga foleni ya feri. Barabara ya Dongo Kundu inapita Mwache na kutokea upande wa Miritini. Kwa watu wa Pwani ya Kusini ni neema kubwa. Wa Kilifi wanaweza kupita Mavueni na Kaloleni wakapandia Mariakani, bila kuingia Mombasa kabisa. Ila treni inayosimama Mariakani ni ile ya asubuhi, na tiketi lazima ionyeshe unaanzia hapo.

Ukifika, ukaguzi wa kwanza uko nje. Mizigo yote hupangwa chini kwa mstari, wenyewe mnarudi nyuma, na mbwa wa polisi anapita akinusa begi moja baada ya jingine. Usilirukie begi lako kabla hujaruhusiwa. Ukivuruga mstari, mnaanza upya. Kisha mizigo inapita kwenye eksirei. Kisu cha jikoni, pombe, mtungi wa gesi na petroli haviingii, na ukinyang'anywa hapo huna muda wa kuvirudisha nyumbani. Baadaye nenda kwenye mashine za kuchapa tiketi, ingiza namba iliyokuja kwa SMS, uchukue karatasi. SMS peke yake haikupitishi langoni. Chaji ya simu ikiisha kabla ya kuchapa, unabaki huna namba, basi iandike pia mahali. Kitambulisho cha asili kiwe mkononi, na kwa mtoto beba cheti cha kuzaliwa.

Behewa la daraja la kawaida lina viti vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, wengi mkitazamana, kwa hiyo begi kubwa lipandishe juu mara tu unapoingia. Treni ikielekea Nairobi, Kilimanjaro uko mkono wa kushoto, na hujitokeza siku isiyo na mawingu. Tsavo, tazama pande zote mbili: tembo wake huonekana wekundu kwa vumbi la ardhi ya huko.

Wakati wa kurudi, treni ya usiku kutoka Nairobi huingia Miritini kabla ya alfajiri, wakati ambao magari ni machache na madereva wanataja bei wanayotaka. Patana na wa kukupokea tangu jana yake, au kaa stesheni mpaka kupambazuke upande matatu na wenzako. Feri ya Likoni huvusha usiku kucha.