Mbwa kakatika kano ya goti: namna ya kumpata daktari wa kumpasua ukiwa Dodoma

Tomi wangu ni chotara wa jamani shefadi, kilo 34. Mwaka juzi alikurupuka kukimbiza paka nyuma ya nyumba huku Nkuhungu akarudi mguu wa nyuma kaukunja, anagusisha vidole tu chini kama anakanyaga mibigili. Nikapoteza miezi miwili kwa jamaa mmoja wa duka la dawa za mifugo, kila nikimpeleka anamchoma deksa, sindano ya kutuliza uvimbe, mbwa anatembea siku nne anarudi palepale, na hakuna hata siku moja jamaa alishika lile goti. Naandika haya kwa mtu ambaye mbwa wake anachechemea leo na hajui aanzie wapi, ile miezi miwili isimpotee na yeye.

Ndani ya goti kuna kano inayozuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele. Kwa mbwa mara nyingi haikatiki tu ghafla kama ya mchezaji mpira, inachakaa taratibu, halafu siku moja anaruka kidogo inamalizikia hapo. Daktari anayejua kazi anamlaza ubavu, mkono mmoja anashika paja juu kidogo ya goti, mwingine anashika muundi, anausukuma mbele kama mtu anayevuta droo ya kabati. Kano ikiwa nzima hakisogei kitu, ikiwa imekatika utauona mfupa unateleza mbele kwa macho yako mwenyewe. Mbwa mkubwa anaweza kukaza misuli isionekane, ndo maana wengine wanampa usingizi kidogo kwanza halafu wanampiga na eksrei hapohapo. Ile eksrei haionyeshi kano yenyewe, inaonyesha maji yaliyojaa gotini, mifupa iliyoanza kuota vijiba, na kama kuna mvunjiko au uvimbe mbaya. Sasa mtu anayekutajia bei ya kupasua kabla hajalishika goti, chukua mbwa wako uondoke.

Vimbwa vidogo vinavyotembea hatua tatu kisha vinarukisha mguu mmoja, mara nyingi shida yao ni pia ya goti, kile kifupa cha mbele ya goti, inayotoka kwenye njia yake. Operesheni yake ni nyingine kabisa, mwambie daktari akutofautishie.

Halafu kupe. Huku kwetu mbwa analala nje na kupe wapo, na magonjwa yao yanaweza kuvimbisha viungo mbwa akachechemea huku goti lake ni zima. Baya zaidi yanapunguza chembe za kugandisha damu, ukimpasua mbwa wa hivyo anavuja damu haikatiki. Kwahiyo swali langu la kwanza kwa daktari yeyote lilikuwa "utampima damu kabla?" Mmoja akaniambia haina haja, ni mbwa tu. Sikurudi kwake.

Vyeti usione aibu kuuliza. Kuna Baraza la Veterinari lililoundwa kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, ndo linalosajili madaktari wa wanyama na kuwaorodhesha wataalamu wasaidizi. Mabwana mifugo wetu wanafanya kazi nzuri sana ya chanjo na kuogesha ng'ombe, nawaheshimu kwa moyo wote, ila kufungua goti ni kazi ya daktari mwenye shahada na usajili, na hata hao si wote walioshawahi kugusa goti la mbwa. Wengi Dodoma hapa siku nzima wako kwenye ng'ombe, mbuzi na kuku. Ukikosa mjini, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro ndo wanafundisha madaktari wa wanyama na wana hospitali ya wanyama, ni kama kilomita 260 kutoka hapa. Piga simu kwanza, eleza uzito wa mbwa na tatizo, uliza nani anafanya magoti na anapatikana siku gani, usije ukakodi kirikuu ukafika ukaambiwa urudi wiki ijayo.

Ukimpata mtu, muulize njia atakayotumia. Ya kwanza ni uzi mnene wa nailoni unaopitishwa nje ya goti kushika kazi ya ile kano, ni rahisi zaidi na mbwa wa chini ya kilo 15 hivi wanaenda nayo vizuri. Ya pili inaitwa TPLO, aliitoa daktari wa Marekani, Barclay Slocum, ikachapishwa 1993: wanakata kichwa cha muundi kwa msumeno wa duara, wanakizungusha ule mteremko wake upungue, wanafunga kwa bamba la chuma na skrubu. Mbwa mkubwa hii ndo inamfaa zaidi, ila inataka vifaa vyake na mtu aliyefundishwa, kujaribia kwa mbwa wako hapana. Uliza pia kama ataangalia lile gegedu la katikati ya goti, maana likichanika likaachwa humo mbwa ataendelea kuumia hata kama uzi umefungwa vizuri.

Mimi nilichagua kwa jibu moja. Nilimuuliza daktari, magoti mangapi umeshafanya, na mangapi yalikuharibikia? Akaweka kalamu chini akasema, "Dada nisikudanganye, TPLO sijawahi kufanya, za uzi nimefanya nyingi, mbili ziliingia usaha nikarudi kufungua. Huyu kwa kilo zake uzi unaweza kulegea, tukifanya itabidi umpunguze uzito na umfungie kweli kweli. Ukipata uwezo wa kumpeleka kwa anayefanya TPLO, mpeleke." Basi nikamkabidhi Tomi, maana aliyekutajia makosa yake kabla hata hujampa hela, likitokea jambo hatakuficha.

Nusu kaputi iulize kivyake. Nani anakaa na mbwa anaangalia pumzi na mapigo wakati daktari kainamia goti? Kama jibu ni "mimi mwenyewe" hapo pana hatari, lazima awepo mtu wa pili ambaye kazi yake ni hiyo tu. Anawekewa mrija wa hewa kooni? Ana dripu? Na maumivu baada ya hapo anapewa nini? Meloksikamu au karprofeni ya mbwa, kwa kipimo cha daktari, sawa. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu usimpe kabisa, zinatoboa tumbo na kuua figo, na jamani kuna watu wanawapa mbwa kwa nia njema kabisa.

Bei iandikwe yote, eksrei, damu, dawa, kutoa nyuzi, na ikitokea usaha nani analipa kufungua tena. Hapo wengi tunanyamaza kwa aibu halafu tunagombana baadaye.

Daktari mzuri atakuambia pia habari za nyumbani bila kuulizwa. Wiki nane mpaka kumi na mbili hamna kuruka, hamna kufunguliwa usiku kulinda, anatoka kwa kamba kukojoa na kurudi. Sakafu yetu ni ya marumaru inateleza, nikatandika mikeka kuanzia mlangoni mpaka bandani kwake. Asilambe kidonda nikamkatia kitako cha ndoo ya lita kumi, kingo nikazizungushia tambara, nikaifunga kwa kola. Ugali nikaupunguza nusu, dagaa zikabaki, akashuka kilo nne.

Kabla hujaondoka mkubaliane tarehe ya kurudi, nyuzi zinatolewa siku ya 10 mpaka 14. Na mwambie daktari akufundishe kushika goti la upande wa pili, maana mbwa wengi wakikatika moja na la pili linafuata. Mi la Tomi nalipapasa kila Jumapili nikimkagua kupe.