Tathmini ya kisaikolojia kwa anayeshukiwa kuwa na sonona: hatua kwa hatua

Usianze na dodoso, anza na swali. Rufaa iliyoandikwa "naomba tathmini" tu haikupi pa kushika. Mpigie simu aliyeituma umuulize anataka kuamua nini. Kuanzisha dawa? Kumrudisha mtu kazini? Jibu lake ndilo litakalochagua vipimo.

1. Mahojiano, dakika 45 hadi 60. Ndugu aliyemleta asubiri nje, atasikilizwa baadaye mteja akiridhia. Akikaa ndani, swali la pombe litajibiwa nusunusu. Eleza mapema usiri unaishia wapi: maisha yakiwa hatarini, wengine watajulishwa. Uliza dalili zilianza lini, misiba, magonjwa, dawa anazotumia. Uliza pia kama aliwahi kupitisha siku kadhaa akilala kidogo bila kuchoka, akimwaga hela na kuongea bila kituo. Ukiliruka hilo, mwenye bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, ataishia kupewa dawa za sonona peke yake, nazo zinaweza kumpandisha kwenye hali hiyo ya msisimko.

2. PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona. Maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Jibu "zaidi ya nusu ya siku" wengine hulielewa kama saa za mchana, kwa hiyo uliza: kati ya siku 14, ngapi? Siku 2–6 ni alama 1, 7–11 alama 2, 12–14 alama 3. Swali la usingizi hubeba kukosa usingizi na kulala kupita kiasi kwa pamoja, na la chakula ni hivyohivyo. Andika pembeni ni lipi. Alama 10 kwenda juu ni sababu ya kuchunguza zaidi, si utambuzi. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, inadai dalili 5 kati ya 9, moja ikiwa huzuni au kukosa hamu ya mambo, na maisha yawe yameathirika.

3. Swali la 9, la mawazo ya kufa au kujidhuru, likipata hata alama 1, dodoso lisubiri. Amefikiria njia gani? Sumu ya wadudu au vidonge viko nyumbani? Aliwahi kujaribu? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Hatari ikiwa kubwa, asiachwe peke yake.

4. Mwili. Daktari apime damu na homoni za tezi ya shingo. Upungufu wa damu nao huleta uchovu.

5. Ripoti. Jibu la rufaa liwe juu kabisa. "Alama 17" peke yake haimsaidii msomaji; ongeza "huamka saa tisa usiku, hajafungua duka wiki 2". Kisha msomee mteja matokeo kwa maneno ya kawaida, umuulize wapi hapakukaa sawa, urekebishe kabla ya kusaini.