Jinsi ya kuandika wasifu wa bibi aliyejitolea kwa jamii

Wasifu wa marehemu husomwa msibani kwa dakika chache tu. Kwa hiyo, kabla ya kushika kalamu, kaa na wazee wa ukoo uwasikilize. Bibi zetu wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, lakini ukiambiwa kwamba alikuwa binti wa kuchota maji Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, unaweza kukadiria umri wake, na uandike wazi kuwa ni makadirio.

Kisha waendee wale aliowatumikia, hasa wanawake wa kikundi chake cha kufa na kuzikana, kwani watoto wake huenda hawajui nusu ya aliyoyafanya. Usiandike tu kwamba alikuwa mkarimu. Andika kwamba kila msiba alifika alfajiri na sufuria yake kubwa, yenye jina lake lililochorwa kwa msumari kitakoni, na hakuondoka mpaka vyombo vya mwisho vioshwe. Sentensi hiyo ndiyo itakayowaliza watu, na ni haki yake.

Majina ya watoto na wajukuu yahakikiwe na mtu mzima wa familia, asije akasahaulika mtoto wa kulea.