Tangawizi kwanza, maziwa baadaye

Kwa miaka nimekuwa nikilaumu muuza maziwa kila chai ya tangawizi inapokatika, hadi juzi nilipokaa jikoni na bibi huko Kongwa, mkoani Dodoma, nikaona anavyopika ya babu. Anatwanga tangawizi, anaitia kwenye maji matupu na kuyaacha yachemke hasa, dakika tano hivi, ndipo anamimina maziwa. Majani na sukari vinafuata. Mimi nilikuwa natia vyote pamoja vikiwa baridi.

Sababu ni hii: tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na kinafanya kazi vizuri zaidi maziwa yakiwa ya moto kiasi, kabla ya kuchemka. Maji yanayotokota yanakiua mapema, ladha inabaki. Kwa hiyo usiongeze tangawizi mbichi mwishoni eti chai haijakolea. Bora utwange nyingi tangu mwanzo.

Haisaidii kama maziwa yenyewe yameanza kuchacha. Kwa joto la Dodoma, ya asubuhi yasiyochemshwa huwa yameshageuka ifikapo jioni, hata ufanyeje. Chemsha kwanza kidogo kwenye kikombe cha bati: yakikatika, yaliyobaki yaache yagande unywe mtindi, na chai iwe ya rangi. Babu hata hiyo hakatai, mradi apewe kisosi cha kumiminia ipoe.