SOMO: Kuwafundisha watoto wa darasa la kwanza na la pili kupiga kura

Uchaguzi ukikaribia napata ujumbe uleule: "Mwalimu, mtoto kaniuliza kura ni nini, nimjibuje?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Mtoto haielewi kura kwa kuelezwa, anaielewa akiipiga juu ya jambo analolijali.

Hatua ya 1. Anza na mwenyekiti wa mtaa, Rais yuko mbali. Watoto wengi wanajua mama alikwenda kwa mwenyekiti kuchukua barua. Uliza nani alimweka pale, waache wabishane. Kisha waambie: watu wazima wa mtaa walimchagua, na baada ya miaka mitano wakiona hafai wanamweka mwingine. Hapo umeshajibu "kwa nini".

Hatua ya 2. Weka jambo la kupigiwa kura. Mimi hutumia kipindi cha mwisho cha Ijumaa: rede au hadithi. Yote mawili yawe yanawezekana. Usiwapigishe kura juu ya wenzao. Atakayepata kura moja atataniwa muhula mzima.

Hatua ya 3. Siku moja kabla, andikisha majina kwenye daftari.

Hatua ya 4. Karatasi ya kura iwe na picha mbili, mpira wa rede na kitabu cha hadithi, na nafasi ya kuweka alama ya vema. Asiyejua kusoma anapiga bila msaada. Mwaka 1965 wagombea ubunge wa Tanzania walipewa alama, huyu jembe na huyu nyumba, kwa sababu hiyohiyo.

Hatua ya 5. SIRI. Hapa ndipo somo huharibika. Ukisema "anayetaka rede anyooshe mkono", watoto humtazama kwanza mbabe wa darasa, kisha mikono inapanda pamoja. Hiyo ni kura ya mtu mmoja. Tengeneza kituturi: khanga kwenye kona, dawati nyuma yake, anaingia mmoja mmoja, anakunja karatasi kabla ya kutoka. Wewe mwalimu kaa mbali, maana ukichungulia watapiga unachotaka wewe. Atakayetoka anapaza sauti "nimepiga mpira!" usimchape; mwambie taratibu kwamba wenzake bado hawajapiga, na kila mmoja ana haki ya kuamua bila kusukumwa.

Hatua ya 6. Waonyeshe sanduku tupu, lifunge, wapige. Aliyepiga apakwe wino kidoleni asirudi mara ya pili.

Hatua ya 7. Hesabu mbele yao, kila upande na wakala wake, yaani mtoto anayeangalia hesabu kwa niaba yao, mistari ubaoni.

Hatua ya 8. Tekeleza matokeo Ijumaa hiyohiyo. Rede ikishinda, waliotaka hadithi wanacheza rede leo, na wajue Ijumaa ijayo kuna kura nyingine.

MASWALI

Mama Mapacha: Si wanyooshe mikono tu? Darasa langu lina watoto 90.
— Soma hatua ya 5. Watoto 90, weka vituturi vitatu.

Kaka wa Singida: Nikiwauliza wanampenda mgombea gani si ndiyo uhalisia wenyewe?
— Hapana. Mtoto atarudia aliyoyasikia nyumbani, na utakuwa umeianika kura ya wazazi wake mbele ya darasa. Hilo silibadilishi.

Mwl. wa Awali: Ninaye mtoto asiyeona. Apigeje bila kuvunja siri?
— Asante kwa swali hili, dada. Kwenye kituo halisi mpiga kura asiyeona hutumia kifaa cha nukta nundu, au huja na mtu anayemwamini. Darasani bandika punje ya hindi kando ya mpira na haragwe kando ya kitabu, afundishwe kuzipapasa kabla. Bandika kwenye karatasi zote, si yake peke yake, la sivyo wakati wa kuhesabu kila mtu ataitambua kura ya mtoto huyo.

Mwl. wa Awali: Hilo la karatasi zote sikuliwaza! Gundi ya dukani ni ghali, naweza kutumia uji wa unga wa ngano?
— Unafaa, upike mzito. Bandika jana yake zikauke usiku kucha. Zilizobandikwa asubuhi hubanduka ndani ya sanduku.